Corona iliwatoa wazazi kukimbia Coco Beach, watoto walibaki wapi?

Dar es Salaam. Saa 11:30 alfajiri ya Jumamosi, Coco Beach bado ina giza na bahari inasikika kabla haijaonekana. Vibanda vya mihogo na mishikaki vimefunikwa maturubai. Kinachosikika kwenye lami ya Toure Drive ni raba za watu wanaokimbia.

Wanatokea Msasani, Kinondoni, Mwananyamala na kwingineko. Wapo wazee wanaotembea taratibu, chupa ya maji mkononi. Wapo kina mama wawiliwawili, mtandio kichwani na dera juu ya suruali, wakienda haraka huku wakipeana habari za wiki nzima. Mara hupita kikundi cha watu waliovaa fulana za rangi moja. Kiongozi anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, miguu yote inashuka pamoja. Hivi ndivyo vikundi vya mbio za pole, ambavyo mitaani huitwa jogingi.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa anachokisikia. Huo ni mchakamchaka, ule wa asubuhi shuleni, vumbi miguuni na mwalimu wa zamu nyuma na fimbo yake.

Lakini ukikaa pale hadi jua lichomoze baharini, utaona jambo moja. Watu wazima ni wengi, watoto ni wa kuhesabu kwa vidole. Wazazi wamekuja kuutafuta mchakamchaka wa utoto wao, huku watoto wao wamelala nyumbani au wameshika simu.

Kwa baadhi ya wazazi hao, safari ya kuja hapa ilianza na hofu ya corona. Ni hofu hiyo pia iliyowaweka ndani watoto na bibi zao.

Machi ya ndoo na sabuni

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza corona kuwa janga la dunia Machi 11, 2020. Siku tano baadaye, Machi 16, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, aliyebainika Arusha. Kesho yake, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko, ikiwamo ya michezo. Ligi Kuu ikasimama.

Ndani ya siku chache kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Daladala za Dar es Salaam zikatakiwa kubeba abiria waliokaa tu, mtindo ambao makonda waliuita leveli siti. Vituoni watu walisubiri hadi wakachoka, na wengine wakaamua kutembea. Mtu aliyekuwa hajawahi kwenda kwa miguu kutoka Magomeni hadi Kariakoo akagundua kumbe inawezekana.

Tanzania haikuwafungia watu wake ndani. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, hivyo wakimbiaji wa alfajiri walilazimika kusubiri. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Baada ya watu kuonekana wakikimbia kwa makundi barabarani Kampala, Rais Yoweri Museveni aliyapiga marufuku mazoezi ya nje. Aprili 2020, akiwa na miaka 75, akajirekodi video akikimbia ofisini kwake na kupiga pushapu ili kuwaonyesha wananchi kwamba mazoezi ya ndani yanawezekana.

Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam hakuwa na haja ya kuuliza kama anaruhusiwa kukimbia. Alijiuliza swali jingine: nikikimbia, corona itanipita?

Ndimu, tangawizi, nyungu na raba

Wengi walijijibu ndiyo. Mazoezi yakaingia kwenye orodha moja na ndimu, tangawizi, vitunguu saumu na kujifukiza, maarufu kama nyungu. Mwanzoni mwa 2021, Wizara ya Afya iliporudia kusisitiza tahadhari, mazoezi yalitajwa pamoja na kunawa mikono, lishe bora na tiba asili.

Katika hilo palikuwa na faida ambayo haisemwi sana. Hofu ilitoa ruhusa. Kabla ya hapo, mwanamke wa makamo akikimbia mtaani aliulizwa anakimbizwa na nani. Mwanamume mwenye kitambi aliambiwa mambo yake safi. Aliyeanza kupungua alisikitikiwa: "Umekonda, unaumwa?" Corona ilipoingia, mama wa nyumbani aliweza kuvaa raba mchana kweupe bila kujieleza kwa mtu.

Palikuwa na hasara pia. Anayemeza mazoezi kama dawa huacha akijiona amepona. Habari za corona zilipopungua, wengi walirudisha raba uvunguni.

Wengine walidhani jasho lenyewe ndilo kinga, hivyo wakaendelea kukimbia bega kwa bega, wakiimba kwa nguvu, katika miezi ileile ambayo watu waliambiwa wasogeleane kwa tahadhari. Virusi vya corona husafiri kwa hewa na matone yatokayo kinywani na puani, na mtu anayeimba huku anahema hutoa zaidi ya aliyenyamaza. Mazoezi yalikuwa mazuri, msongamano ndio uliokuwa na hatari.

Barakoa nayo ilizua ubishi. Wapo waliokimbia nayo hadi wakaishiwa pumzi. Juni 2020, WHO ilieleza kwamba mtu asivae barakoa anapofanya mazoezi kwa nguvu, kwa kuwa jasho huilowesha na kupumua kunakuwa kugumu. Kilichotakiwa ni kuacha nafasi ya angalau mita moja kati ya mtu na mtu.

Nyungu, kwa upande wake, haijathibitishwa kuua virusi vilivyokwishaingia mwilini. Kilicho na uhakika ni kwamba sufuria la maji ya moto chini ya shuka linaweza kumuunguza mtoto.

Afya haikopwi siku ya ugonjwa

Je, mazoezi yalisaidia kitu? Ndiyo, ila si kwa namna ambayo wengi waliifikiria.

Mwaka 2021, jarida la tiba ya michezo la Uingereza, British Journal of Sports Medicine, lilichapisha utafiti uliofanyika California, Marekani, uliohusisha watu wazima 48,440 waliougua Uviko-19. Watafiti waliangalia jinsi kila mmoja alivyokuwa akifanya mazoezi katika miaka miwili kabla ya janga. Waliokuwa hawajishughulishi kabisa walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kulazwa, na pia wa kufariki, kuliko waliokuwa wakifanya mazoezi ya kutosha, dakika 150 au zaidi kwa wiki.

Utafiti wa aina hiyo peke yake hauthibitishi kwamba mazoezi ndiyo yaliyowaokoa, maana anayefanya mazoezi huenda pia anakula na kulala vizuri. Wala hausemi kwamba mkimbiaji hakuambukizwa, kwa sababu wote waliopimwa humo walikuwa tayari wameugua. Jambo la kuzingatia ni kwamba watafiti walihesabu mazoezi ya kabla ya ugonjwa, na wala si yale ya wiki ya hofu.

Ndiyo maana madaktari walitaja sana kisukari, shinikizo la juu la damu na unene uliopitiliza. Mwenye matatizo hayo alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Hayo ni matatizo yaliyokuwapo Tanzania kabla ya corona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mazoezi ya kila siku ni moja ya njia za kuyazuia na kuyadhibiti magonjwa haya, na kazi yake huchukua miezi na miaka. Afya haikopwi siku ya ugonjwa.

Bibi kwenye kiti

Sasa ondoka ufukweni, pita Kinondoni hadi Mwananyamala, ufikirie nyumba moja ambayo wakazi wa huko wataitambua hata bila kutajiwa jina. Bibi, mama, baba na wajukuu wawili wanaishi chini ya paa moja. Bibi ana sukari na presha. Kabla ya Machi 2020 alikuwa akifagia uwanja alfajiri, akienda gengeni mwenyewe, akipita kwa jirani kusalimia, na siku ya ibada akitembea na wenzake.

Corona ilipoingia, watoto wake walimkataza kutoka. Walikuwa na haki ya kuogopa. Wazee na wenye kisukari ndio waliokuwa wakizidiwa zaidi. Bibi akawekewa kiti cha plastiki karibu na dirisha. Akitaka kusimama, sauti zikatoka kila upande: "Mama, kaa upumzike. Usijisumbue." Ufagio akachukua dada wa kazi, genge akaenda mjukuu.

Katika nyumba nyingi za hapa hayo ndiyo mapenzi. Mzazi aliyehangaika maisha yake yote, watoto wakijiweza, humwambia akae. Kumwacha mama wa miaka 70 afagie uwanja ni aibu mbele ya majirani.

Ila misuli haielewi lugha ya heshima. Mguu usiotumika hupungua nguvu, na kwa mtu mzima upungufu huo huja haraka kuliko kwa kijana. Misuli inapofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu, ikitulia sukari hiyo hubaki. Bibi aliyekaa miezi mitatu kwenye kiti anaweza kuikwepa corona kabisa, kisha siku ya kwanza ya kutoka nje akashika ukuta ili asianguke.

Miongozo ya WHO iliyotolewa Novemba 2020, katikati ya janga, ilimzungumzia mtu kama huyu. Mwenye miaka 65 na kuendelea anashauriwa kufanya angalau siku tatu kwa wiki mazoezi ya nguvu na ya kujimudu asianguke, pamoja na kutembea. Hilo halihitaji ufukwe. Kunyanyuka kwenye kiti na kukaa tena mara kadhaa, kusimama akiwa ameshika meza, na kutembea uani asubuhi na jioni ni mazoezi tosha ya kuanzia. Mwenye sukari, presha au tatizo la moyo amuulize kwanza mhudumu wa afya anayemfuatilia, hasa kama anatumia dawa za kushusha sukari.

Miezi mitatu na nusu bila kengele

Wajukuu nao walikuwa na habari yao. Shule zilifungwa Machi 17. Vyuo na kidato cha sita walirejea Juni 1, siku ambayo michezo nayo iliruhusiwa tena. Wengine wote walisubiri hadi Juni 29. Hiyo ni miezi mitatu na nusu bila kengele ya shule.

Wazazi walihangaikia masomo, na ni haki yao. Wachache walihesabu vitu vingine vilivyoondoka pamoja na kengele: kutembea kwenda na kurudi, mchakamchaka, mpira wa makaratasi saa ya mapumziko, rede chini ya mwembe. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, shule ndiyo iliyokuwa kiwanja chake. Nyumbani kuna uchochoro unaopitwa na bodaboda, na ile sehemu ya wazi ambayo baba yake alichezea mpira imeshajengwa fremu za maduka.

Basi mtoto akapewa simu ili atulie. Akatulia kweli. Tatizo ni kwamba shule zilipofunguliwa, utulivu ule ulibaki.

Mtoto anayesoma shule ya serikali jirani na kwao walau alirudi kutembea kwa miguu. Anayepelekwa shule ya mbali hupigiwa honi na gari la shule kabla ya mapambazuko, hukaa garini, hukaa darasani, hukaa tena garini kwenye foleni, kisha hufika nyumbani kukaa na kazi za nyumbani za shule. Mzazi wake analipa ada ambayo yeye hakuwahi kulipiwa. Mchakamchaka alioupata bure, mtoto hana.

WHO inasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku, kiasi cha kuhema na kutoka jasho. Mdogo wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji dakika 180 kwa siku za kutembea, kucheza na kuchezacheza, zikigawanywa kutwa nzima. Mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano akitembea haraka.

Ukilinganisha hesabu hizo utaona mtoto anahitaji mengi kuliko mzazi wake. Lakini Jumamosi alfajiri, anayevaa raba ni mzazi.

Ufukwe hauji nyumbani

Tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitengwa kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa takriban kilomita moja juu ya bahari, likiunganisha upande wa Coco Beach na ule wa Hospitali ya Aga Khan. Njia zake za waenda kwa miguu zimekuwa sehemu nyingine ya kutembea na kukimbia.

Ni mambo mazuri. Hata hivyo, anayekaa Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara anahitaji nauli, muda na mtu wa kumwachia watoto ili aufikie upepo wa Coco. Mazoezi yanayotegemea ufukwe yatafanyika mara moja kwa mwezi, na mara moja kwa mwezi ni matembezi tu.

Kinachowezekana kila siku kiko karibu zaidi. Kamba ya katani inatosha watoto wanne kuruka kwa zamu. Rede inahitaji mpira wa soksi na mistari miwili ardhini. Kombolela haihitaji chochote. Mzazi anayekaa mlangoni nusu saa jioni akiangalia bodaboda zisiingie uchochoroni amewapa watoto wa mtaa mzima kiwanja.

Kazi za nyumbani nazo zinahesabika. Kufagia, kufua, kuchota maji na kupiga deki ni kujishughulisha. Katika nyumba nyingi dada wa kazi ndiye mwenye mwili imara kuliko wote, kwa sababu ndiye pekee anayeruhusiwa kuinuka. Mtoto anayefua soksi zake na kubeba ndoo inayolingana na umri wake haonewi.

Mtoto hujifunza kwa kuona. Anayemwona mama yake akivaa raba kwa furaha ataziulizia zake. Anayesikia kila siku kwamba mazoezi ni adhabu ya kitambi atayachukia kabla hajayaanza. Mchakamchaka wa zamani ulikuwa na fimbo, ndiyo, ila waliokimbia wakauimba hadi leo hawakumbuki fimbo. Wanakumbuka wimbo.

Jua likishapanda

Saa 1:30 asubuhi, joto la Dar es Salaam limeanza kuuma. Kikundi cha fulana za rangi moja kimekaa mchangani kikinyoosha miguu. Maturubai yanafunuliwa, moto unawashwa, na harufu ya muhogo unaokaangwa inawafuata hata walioapa kupunguza mafuta. WHO iliondoa hali ya dharura ya Uviko-19 Mei 5, 2023, na hapa hakuna anayezungumzia ugonjwa. Waliobaki kukimbia ni wale waliokwishapita hofu.

Kule Mwananyamala, saa hiyohiyo, bibi anahitaji nyanya. Zamani za corona angetumwa mjukuu peke yake. Leo wanaweza kwenda wote wawili. Bibi anashika bega la mtoto, mtoto anashika kikapu, genge liko nyumba ya saba. Wanasimama mara mbili njiani bibi avute pumzi na kumsalimia jirani aliyemkosa siku nyingi.

Kwenda na kurudi itawachukua dakika 20. Kesho wakienda tena, huenda zikawa 18.